Kitabu cha Ufunuo na watu waliokimbia vita

Jambo kwenu mlio hapa Kamina, kwenu wa Bukama, wa Kabongo, wa Kaniama na wa Malemba-Nkulu. Jambo kwenu baba na mama mliokimbia na ambao leo mnalala katika nyumba ya mwingine. Jambo kwenu machifu, wakubwa wa mitaa, wachungaji, wakatekista na walimu. Na ninyi mtakaopata maneno haya yameandikwa katika karatasi, mmoja wenu ayasome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mzungumze pamoja.

Leo tutasema juu ya kitabu cha mwisho cha Biblia, kile kinachoitwa Ufunuo. Labda mtauliza: hii ni redio ya amani, au ni kanisa? Ni redio ya amani. Lakini kuna sababu ya kusema jambo hili, na sababu yenyewe ni mama mmoja na mtoto wake.

Mama huyo alifika hapa mjini na watoto na sufuria moja. Familia iliyompokea ilimpa kipande cha udongo nyuma ya nyumba, apande. Mvua za mwezi wa kumi zikaanguka. Majirani wakapanda mahindi na maharagwe. Mama huyu hakupanda. Walipomwuliza, akajibu: “Kule tunakoomba wametuambia kwamba vita hivi ni vile vya Ufunuo, mwisho ni mwaka huu. Nipande mahindi gani, nami sitayala?” Mwaka ukapita. Mwisho haukufika. Majirani walichoma mahindi mabichi, naye akawatuma watoto kuomba.

Mtoto wake mkubwa, kijana wa miaka kumi na sita, alisikia mahubiri yaleyale, lakini yeye alishika neno lingine. Alisikia kwamba watu waliowafukuza ndio mnyama wa Ufunuo, na kwamba anayempiga mnyama anafanya kazi ya Mungu. Akaanza kutafuta vijana wenzake wa kurudi nao kule, na panga.

Sikilizeni vizuri, wandugu. Kitabu kimoja, nyumba moja. Mama aliacha jembe, na mtoto akatafuta panga. Ndiyo sababu tunasema juu yake leo.

Nani aliandika, na kwa nani?

Kwanza tujue mwenye kuandika alikuwa mtu wa namna gani. Jina lake Yoane. Katika sura ya kwanza anasema mwenyewe kwamba alikuwa katika kisiwa cha Patmo, sisi wengine tunasema kisanga, kwa sababu ya neno la Mungu. Hakwenda kutembea. Alikuwa mbali na kwao kwa sababu ya taabu. Na anapojijulisha kwa wasomaji wake hajiiti mkubwa. Anajiita ndugu yao, mwenye kushiriki mateso pamoja nao. Kwa hiyo kitabu hiki kiliandikwa na mtu aliyetolewa kwao, kama ninyi.

Aliwaandikia makanisa saba: Efeso, Smurna, Pergamo, Tiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Miji hiyo ilikuwa katika nchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Wenye elimu wengi wanaona kwamba aliandika karibu na mwaka 95, wakati Domitiano alipokuwa kaisari wa Roma. Nyakati zile kaisari aliheshimiwa kama mungu, na Mkristo aliyekataa aliweza kupoteza kazi, mali, hata maisha.

Basi, Ufunuo ulikuwa barua. Na barua inaandikwa ili waliopewa waielewe. Kama ndugu yako anakuandikia kutoka Lubumbashi, hakuandikii mambo ya wajukuu wa wajukuu wako peke yake. Anakuandikia kwanza juu yako. Vivyo hivyo Yoane aliwaandikia watu wa Smurna ili wavumilie shida yao ya siku zile. Sisi tunasoma barua ya watu wengine, na tunapata faida kubwa ndani yake, lakini tukisahau kwamba iliandikwa kwao, tunapotea.

Tena angalieni jambo hili. Kabla ya kusema neno lolote juu ya mnyama, sura ya pili na ya tatu zinasema juu ya makanisa yenyewe. Katika makanisa saba, matano yanakaripiwa. Moja limeacha upendo wake wa kwanza. Lingine lina jina la kuwa hai, kumbe limekufa. Lingine linajidai kuwa tajiri na halijui kwamba ni maskini. Ni Smurna na Filadelfia tu ambayo hayakaripiwi. Maana yake ni kwamba kitabu hiki kinaanza na hukumu ya nyumbani. Mtu anayekifungua moja kwa moja kutafuta ubaya wa jirani ameruka kurasa za kwanza.

Farasi wanne

Sura ya sita inaonyesha farasi wanne: mweupe, mwekundu, mweusi na mmoja wa rangi ya kijivu. Wahubiri wengi wanapenda kuwahesabu na kusema: huyu ni vita ya mwaka fulani, yule ni ugonjwa fulani. Lakini ninyi mliokimbia hamhitaji mtu wa kuwafasiria farasi hao. Mmewaona. Wa kwanza anatoka ili ashinde. Wa pili anaondoa amani, watu wanauana. Wa tatu ana mizani mkononi, na sauti inatangaza bei: mshahara wa siku nzima kwa kipimo kimoja cha ngano. Wa nne ni mauti.

Huo ndio mwendo wa vita vyote. Mkubwa anataka ushindi. Kisha watu wanauana. Kisha shamba linaachwa, na meka ya unga inapanda bei mpaka baba anafanya kazi siku nzima na watoto wanalala bila bukari. Kisha magonjwa na makaburi. Yoane aliwaona farasi hao katika utawala wa Roma. Babu zetu waliwaona walipokamatwa na kuuzwa kama watumwa. Watu wa kaskazini ya Katanga waliwaona katika vita ya mwaka 1998 hadi 2003. Farasi hawa wamepita mara nyingi, na kila mara walikuwako watu waliosema: sasa ndiyo mwisho. Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 24, aliwaambia wanafunzi wake kwamba watasikia habari za vita, wasitishike, kwa maana mwisho bado. Na katika sura hiyohiyo anasema kwamba siku na saa hakuna anayeijua, hata malaika.

Kama malaika hawajui, mhubiri wa mtaa wetu ameambiwa na nani?

Walioweka tarehe

Hili si jambo la mchezo. Mwaka 1925 mtu mmoja aliyeitwa Tomo Nyirenda, aliyetoka Nyasa, alihubiri katika nchi ambayo leo ni Zambia, kisha akavuka mpaka akaingia Katanga. Alijiita Mwana Lesa, ni kusema mwana wa Mungu. Alifundisha kwamba dunia mpya iko karibu na kwamba kwanza lazima wachawi waondolewe. Alibatiza watu katika maji, na wale aliosema ni wachawi aliwazamisha. Walikufa zaidi ya watu mia moja. Serikali ya Waingereza ilimkamata na kumnyonga mwaka 1926. Lakini waliokufa majini hawakurudi.

Huko Kanungu, katika Uganda, viongozi wa kundi moja walisema dunia itaisha mwaka 1999 ukimalizika. Watu wakauza mali zao. Mwaka ukaisha, dunia haikuisha. Tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 2000, mamia ya watu walikufa katika moto ndani ya nyumba ya maombi, na baadaye maiti nyingine nyingi zikapatikana katika mashimo. Na katika Kenya, mwaka 2023, katika pori la Shakahola karibu na Malindi, zilifukuliwa maiti zaidi ya mia nne za watu waliofundishwa kufunga kula ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa wengi kati yao.

Nawaambia haya ninyi wazazi si kwa kuwatisha. Nawaambia ili mjue alama. Mtu akija na tarehe, akawaambia mwache shamba, mwondoe watoto shuleni, mwuze vitu, msipeleke mgonjwa hospitalini, jueni kwamba njia hiyo imekwisha kupitwa na watu wengine, na mwisho wake unajulikana.

Mnyama ni nani?

Sasa tufike kwenye sura ya 13, pale kuna mnyama na hesabu 666. Zamani za kale herufi zilitumika pia kama tarakimu. Ukiandika jina la Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania, unapata 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200. Jumlisheni wenyewe: ni 666. Nero alitawala Roma tangu mwaka 54 hadi 68, na aliwatesa Wakristo vikali. Wenye elimu wengi wanaona kwamba Yoane alitumia hesabu hiyo kwa kuficha, kwa sababu mtu anayeteswa hawezi kutaja jina la mtesaji waziwazi katika barua.

Kwa hiyo mnyama ni utawala unaotaka kuabudiwa, unaokula watu na kusema: nani awezaye kupigana nami? Si kabila. Yoane hakusema hata mara moja kwamba mnyama ni kabila fulani. Kinyume chake, katika sura ya saba anaona mbele ya kiti cha Mungu mkutano mkubwa usiohesabika, wa kila taifa, kila kabila na kila lugha. Basi mtu akisema kabila la jirani ni mnyama, amewatukana watu ambao Yoane aliwaona mbinguni wamevaa kanzu nyeupe.

Ukitaka kujua kazi ya mnyama na ya Babeli, soma sura ya 18. Wafanyabiashara wanalia kwa sababu mji wao umeanguka na hakuna tena wa kununua bidhaa zao. Yoane anazitaja bidhaa hizo moja moja: zinaanza na zahabu, feza na vito, na zinaishia kwa watu, miili na roho zao. Sisi watu wa nchi ya shaba na kobalti tunaelewa orodha hiyo. Ubaya unaanzia pale mali inapotajwa kwanza na mtu anatajwa mwisho, kama mzigo. Anayemtia mtoto bunduki mkononi ili alinde shimo la madini amemweka mtoto huyo katika orodha ya Babeli, hata kama ni wa kabila letu, hata kama anasali pamoja nasi.

Neno moja juu ya alama ya mnyama. Wengine wanaogopa kuandikwa jina kwenye orodha ya msaada, wanaogopa karte, wanaogopa chanjo ya watoto, wakisema ndiyo alama. Katika Ufunuo alama hiyo ni ya wale wanaomwabudu mnyama. Na mara tu baada yake, mwanzo wa sura ya 14, wako watu wengine wenye jina la Mwana-Kondoo kwenye vipaji vya nyuso zao. Hakuna anayefikiri kwamba jina hilo liliandikwa kwa wino. Ni habari ya moyo: wewe ni wa nani? Mtu hawezi kumwabudu mnyama kwa kutojua, kwa sindano ya surua. Mama, peleka mtoto apate chanjo.

Simba aliyegeuka Mwana-Kondoo

Kijana mmoja atasema: lakini Ufunuo umejaa vita, na Yesu anashinda kwa vita. Ndiyo, anashinda. Lakini anashinda namna gani? Katika sura ya tano Yoane analia kwa sababu hakuna awezaye kufungua kitabu chenye mihuri saba. Mzee mmoja anamwambia asilie, Simba ameshinda. Yoane anageuka kumwangalia Simba, na anaona Mwana-Kondoo mwenye dalili ya kuchinjwa. Simba alitangazwa, lakini aliyeonekana ni Kondoo. Na katika sura ya 19, upanga wa mpanda-farasi unatoka kinywani, si mkononi. Ni neno lake. Katika kitabu hiki chote hakuna mahali wafuasi wa Mwana-Kondoo wanapoambiwa washike silaha. Wanaambiwa wavumilie, waseme ukweli, wasiabudu.

Je, Mungu hasikii kilio chetu? Anasikia. Sura ya sita inaonyesha roho za waliouawa chini ya mazabahu, wanauliza: mpaka lini? Hawakaripiwi kwa kuuliza. Wanapewa kanzu nyeupe na kuambiwa wangoje. Ninyi mliopoteza watu, mna haki ya kuuliza mpaka lini. Ulizeni kwa sauti. Kudai haki mbele ya Mungu na mbele ya tribinali si zambi. Lakini angalieni: roho zile zinamwachia Mungu hukumu. Hazitoki chini ya mazabahu kwenda kuchoma kijiji.

Sisi wa Kamina

Mji wetu uko mahali reli zinapokutana. Njia moja inakwenda Lubumbashi, moja Kasai, moja Kabalo na Kalemie. Kwa hiyo taabu za nchi zinapita hapa. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, treni zao zilipita Kamina. Walikuwa wamengoja kwenye stesheni juma baada ya juma, na wengine walikufa wakingoja. Waliofukuzwa walikuwa Wakristo, na waliofukuza, wengi wao walikuwa Wakristo. Wote walikuwa na Biblia ileile. Halafu, katika vita ya 1998, zamu ya kukimbia ikawafikia watu wa kaskazini ya Katanga wenyewe, na Kamina ikawapokea. Anayefukuza leo anaweza kubeba mkeka wake kesho.

Lakini mji huu una ukumbusho mwingine. Mwaka 2004 Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Methodiste aliita mkutano wa amani hapa Kamina. Wakuu wa Mai-Mai, machifu na wakubwa wa serikali walikaa pamoja. Mkutano huo haukumaliza yote. Miaka ya 2005 na 2006 watu wa Mitwaba na Malemba-Nkulu walikimbia tena kwa maelfu. Hata hivyo ulionyesha kwamba mtu ambaye wengine walimwita mnyama anaweza kuitwa kwa jina lake, akapewa kiti, akasikilizwa. Huwezi kufanya mapatano na mnyama. Unafanya mapatano na mtu.

Ninyi machifu na wakubwa wa mitaa, nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkisikia mhubiri anatangaza mwisho wa dunia au anaita kabila fulani mnyama, msimpige wala kumfukuza usiku. Mwiteni, waiteni na wachungaji wengine na mapadri, afungue kitabu mbele ya wote na kukisoma tangu sura ya kwanza. Pili, wapeni waliokimbia udongo wa kupanda kabla ya mvua, kwa maana mtu mwenye shamba ana sababu ya kungoja kesho. Tatu, waambieni watu ukweli mapema. Uvumi unaingia pale habari inapokosekana.

Na ninyi mliokimbia, someni Yeremia sura ya 29. Watu wa Yuda walikuwa wamepelekwa Babeli, na manabii wengine waliwaambia kwamba mambo yote yatakwisha upesi. Yeremia akawaandikia barua nyingine: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na waombee amani mji wanamokaa, maana amani ya mji ule itakuwa amani yao. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia wasiache kuishi wakati wanangoja.

Ufunuo unakwisha vivyo hivyo. Katika sura ya 21 na 22 watu hawarushwi juu kukimbia dunia. Mji wa Mungu unashuka kuja kwa watu. Una milango kumi na miwili, na haifungwi mchana, na usiku haupo. Kati yake kuna mti, na majani ya mti huo ni dawa ya mataifa. Mungu mwenyewe anafuta machozi. Huo ndio mwisho tunaongoja: mji wenye milango wazi. Na anayengoja mji wa namna hiyo anaanza kufungua mlango wake leo. Jirani anayempokea aliyekimbia ameelewa Ufunuo kuliko anayehesabu miaka.

Mama yule niliyesema mwanzo, mwaka uliofuata alipanda. Kijana wake bado ana hasira, naye hajasamehe, na mimi sitawaambia uongo juu yake. Lakini mvua zilipoanguka alilima pamoja na mama yake mistari yote mpaka mwisho wa kipande, na jioni alikwenda kwenye mazungumzo ya vijana. Tunaanzia hapo.

Amani iwe kwenu na kwa nyumba zinazowapokea.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mtaa au kambi yenu, watu wanasema nini juu ya mwisho wa dunia? Maneno hayo yanawafanya washike jembe, au waliache?

2. Nani ameitwa “mnyama” kati yetu? Mnajua jina lake la kweli?

3. Ni mlango gani mnaoweza kufungua juma hili, na kwa nani?